Vipimo vyote vinasoma sifuri: je, tangi jipya liko tayari kwa samaki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Segerea, Dar es Salaam. Fundi vioo alinitengenezea tangi la lita 120, nikalijaza maji ya DAWASA, nikaweka changarawe na filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Leo ni siku ya kumi filta inafanya kazi, samaki hakuna, na maji ni maangavu kabisa. Nilisoma mahali kwamba tangi lazima likae kwanza, nikaagiza vipimo vya matone. Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati sifuri. Muuza samaki ananiambia saa 24 zinatosha, na wiki hii ana gapi na goldifishi wa bei nafuu. Jirani yangu aliweka wake siku ya pili, wakaisha wote ndani ya wiki. Niweke, au nisubiri mpaka lini?

JIBU: Marahaba, mama. Usiweke bado. Hizo sifuri tatu hazisemi kwamba tangi limekomaa, zinasema halijaanza hata hatua ya kwanza. Umetandika mkeka, umealika wageni, ila jikoni hakuna sufuria. Bakteria unaowangoja wanaishi kwa amonia, na tangi lisilo na samaki, lisilo na chakula wala kitu kinachooza, halina pa kuitoa hiyo amonia. Linaweza kuzunguka hivyo hadi Idi ijayo, na siku utakayoweka samaki likawa sawasawa na tangi la jirani yako. Kwa hiyo "mpaka lini" haijibiwi na kalenda. Itajibiwa na vichupa vyako vya matone, baada ya kuwapa bakteria chakula.

Nieleze kwanza kilichowaua samaki wa jirani. Samaki hutoa amonia usiku na mchana, sehemu kubwa kupitia matamvua, na nyingine hutoka kwenye kinyesi na chakula kilichobaki. Ziwani inapotelea kwenye maji mengi. Ndani ya lita 120 haina pa kwenda: inaunguza matamvua, samaki anapanda juu kuhema, na watu wanasema ni "maji mabaya" au ni mkono wa mtu. Kundi la kwanza la bakteria, akina Nitrosomonas na jamaa zao, huigeuza amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Inaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, damu inageuka rangi ya kahawia, na samaki anakosa pumzi katika maji yenye hewa tele. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia vizuri zaidi na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji.

Mambo haya si mapya. Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria wa namna hii akiwa Zürich mwaka 1890. Vitabu vingi vya ufugaji bado vinamtaja Nitrobacter kuwa ndiye mfanyakazi wa hatua ya pili, ingawa uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba kwenye matangi ya nyumbani kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yakatangaza aina za Nitrospira zinazomaliza hatua zote mbili peke yao, na mojawapo ya makundi hayo liliwapata kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Kwako wewe la kushika ni kwamba viumbe hawa ni wazito wa kuzaana. Bakteria kama E. coli wakipata mazingira mazuri hujigawa kila dakika 20. Hawa wetu huchukua nusu siku, siku nzima, hata zaidi. Hapo ndipo saa 24 za muuzaji zinapoanguka. Saa 24 zinatosha kwa jambo moja, klorini ya bombani kuruka, na nadhani ushauri wake ulizaliwa huko, kisha ukabebeshwa mzigo usio wake.

Sasa chakula. Wafugaji wengi wa nje hutumia amonia ya chupa isiyo na manukato wala sabuni. Kwetu kuipata ni kazi, na nyingi zinazouzwa kwa usafi zina harufu ya limau au povu. Ukiitikisa chupa ikatoa povu linalokaa, iache. Njia ninayoipendelea kwa mtu wa Dar ni mbolea ya SA, ile ya chembe nyeupe kama sukari iliyopo kwenye maduka ya pembejeo. Ni ammoniamu salfeti, na bakteria hawabagui imetoka mfuko gani. Hakikisha ni SA tupu. Usichukue CAN, maana ina nitrati ndani yake na itakuvurugia vipimo. Wala DAP au NPK, kwa sababu fosfeti yake italigeuza tangi kuwa shamba la mwani.

Hesabu yake ni nyepesi. Gramu 1 ya SA kwenye lita 120 inakupa amonia ya karibu miligramu 2 kwa lita, na hicho ndicho kiwango tunachokitaka. Kwa kuwa mizani nyingi za jikoni hazipimi gramu 1 kwa uaminifu, pima gramu 10, ziyeyushe kwenye lita 1 ya maji, kisha kila dozi iwe mililita 100 za maji hayo. Andika SUMU kwenye chupa na uiweke juu kabatini. Na tafadhali isiwe chupa ya soda wala ya juisi, nyumba ina watoto.

Usifikiri ukizidisha utaharakisha. Amonia ikipita miligramu 4 au 5 kwa lita inaanza kuwalemea haohao unaowalisha, hasa lile kundi la pili.

Ukishindwa kupata SA, chukua chakula cha samaki, weka kidogo kila siku, kiozee humo. Kinafanya kazi ila hujui kimetoa amonia kiasi gani. Wengine huweka kamba mbichi mmoja kutoka soko la samaki la Feri ndani ya soksi safi ya nailoni. Nayo inafanya kazi, na kwa joto letu sebule itakutangazia kwamba inafanya kazi. Mimi nisingefanya hivyo kwenye nyumba yenye wageni.

Njia ya mkato halisi ni moja: kupata bakteria walio hai kutoka kwenye tangi la mtu mwingine. Kama kuna mfugaji unayemwamini Tabata au Kinyerezi ambaye tangi lake lina miezi kadhaa na samaki wake ni wazima, muombe kipande cha sponji kutoka kwenye filta yake, au akamulie sponji yake ndani ya tangi lako. Kile kitope cha kahawia kinachokera macho ndicho mali. Kisafirishe kikiwa kibichi, na kifike siku hiyohiyo. Hii inaweza kukata wiki kadhaa za kungoja. Hatari yake ni kubeba na magonjwa, kwa hiyo usichukue kwenye tangi ambalo samaki wake wana madoa meupe au wamekunja mapezi. Kuhusu bakteria wa chupa wanaouzwa madukani, wapo wazuri, lakini chupa ya viumbe hai iliyokaa kwenye kontena bandarini na kisha dirishani penye jua la mchana siiwekei dhamana. Ukinunua, endelea kupima kana kwamba hukununua.

Sasa maji yenyewe, na hapa Dar ina mambo yake ambayo maelekezo ya ng'ambo hayayajui.

Kwanza joto. Vitabu vinakuambia ununue hita uipandishe tangi hadi nyuzi 28. Achana nayo. Maji ya sebuleni hapa mara nyingi yako kati ya nyuzi 26 na 30 bila msaada wa mtu, na bakteria hawa wanastawi hapohapo. Upande wa pili ni kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 20 hushika kama miligramu 9 kwa lita, kwenye nyuzi 30 hushika kama 7.5. Na bakteria hawa ni walafi wa oksijeni. Kwa hiyo pampu yako ya hewa isizimwe usiku eti inapiga kelele. Weka kitambaa chini yake.

Pili klorini. Maji ya DAWASA yanayotoka Ruvu yanatibiwa kwa klorini, na klorini iliyowekwa kuua vimelea haitachagua kuwaacha bakteria wako. Wengi wetu tunahifadhi maji kwa sababu ya mgao, na hilo kwa mara moja linatusaidia: maji yaliyolala siku moja au mbili kwenye ndoo pana isiyofunikwa, ikiwezekana na jiwe la hewa ndani, huwa yamepoteza klorini. Simtanki lililofungwa kifuniko halitoi klorini haraka hivyo. Maji uliyotia WaterGuard, ambayo nayo ni klorini, kwa ajili ya kunywa yasiingie kwenye tangi kabisa. Wenye haraka hutumia sodiamu thiosalfeti, ambayo ndiyo iliyomo ndani ya dawa nyingi za kuondoa klorini zinazouzwa kwa jina la kibiashara, nayo hufanya kazi kwa dakika chache.

Tatu, chanzo kisibadilike-badilike. Leo bomba, kesho boza, keshokutwa kisima cha jirani: hapo unapima matangi matatu tofauti kwa jina la moja. Visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi, kwa sababu maji ya bahari yameingia kwenye mwamba. Ukilazimika kutumia kisima, pima pH yake kwanza (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ikiwa katikati), na uonje kama yana chumvi: kidogo, kisha uteme.

Maji ya mvua ya masika nayo yana mtego, maana watu huyasifu kwa usafi. Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia inayobadilishwa hula takriban miligramu 7 za ualkali wa maji, ile akiba ya asili inayoizuia pH isishuke. Maji ya mvua karibu hayana akiba hiyo. Unaanza vizuri, amonia inashuka, halafu ghafla kila kitu kinasimama. Ukipima pH unakuta 6 na kitu. Chini ya 6.5 bakteria hawa wanazubaa, wakikaribia 6 ni kama wamegoma. Dawa yake ni kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti ya soda kwa tangi lako la lita 120, iliyoyeyushwa kwanza kwenye kikombe. Si magadi, si hamira, wala si ile poda ya kuumulia keki iliyochanganywa na asidi. Magadi yatairusha pH juu kwa mkupuo.

Umeme ni jambo la nne. Bakteria hawa wamejishika kwenye sponji, changarawe na kioo. Majini wamo wachache tu. Umeme ukikatika saa moja au mbili hakuna shida. Ukikatika usiku kucha, wenye filta za kopo lililofungwa wanaumia zaidi, kwa sababu oksijeni ndani ya kopo huisha na maji yanayorudi umeme ukiwaka yananuka mayai yaliyooza. Hayo yamwagwe nje kwanza, yasirudi tangini. Wewe wa sponji iliyo wazi ndani ya maji una nafuu. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au pawabenki inakutosha kabisa, nayo ningeinunua kabla ya kununua pambo lolote la plastiki.

Basi anza leo jioni. Tia dozi ya kwanza, ngoja saa moja, pima amonia. Ikisoma karibu na 2, uko sawa. Kwa siku kadhaa hutaona kitu, na huu ndio wakati watu wanapokata tamaa wakamwaga maji yote. Maji yakigeuka kama tui, usiyabadilishe. Huo ni mlipuko wa bakteria wengine kabisa, wa kula uchafu, na hutulia wenyewe. Baada ya wiki moja au mbili amonia itaanza kushuka na kipimo cha nitriti kitageuka zambarau. Hapo amonia ikifika chini ya 0.5 ongeza nusu dozi, si dozi nzima, kwa sababu nitriti itakuwa inapanda na hatutaki ifike isipopimika. Ikikolea zambarau hata chati imeishiwa rangi, changanya kipimo kimoja cha maji ya tangi na vipimo vinne vya maji ya chupa ya kunywa, pima mchanganyiko huo, kisha zidisha jibu kwa tano. Ikizidi 5 badilisha nusu ya maji.

Kipindi cha nitriti ndicho kirefu kuliko vyote. Kinachosha. Siku unaona haiondoki, wiki unaona haiondoki, halafu asubuhi moja inasoma sifuri kana kwamba kuna mtu aliifuta. Bila sponji ya kuazima, kwa joto la hapa, tarajia wiki 3 hadi 6 kwa jumla.

Neno kuhusu vile vichupa, maana nimeona watu wakilaumu tangi kumbe kosa ni la kupima. Tazama tarehe ya mwisho ya matumizi, na usiviweke juu ya friji wala penye jua. Kipimo cha nitrati katika seti nyingi kina kichupa kimoja ambacho dawa yake hutuama chini, kwa hiyo kitikise kwa nguvu, si kukigeuza mara mbili. Inawezekana hiyo sifuri yako ya nitrati ni ya kweli, kwa sababu hakuna kilichoanza, lakini mbeleni ukipata sifuri ya nitrati huku nitriti imeshaondoka, shuku mtikiso wako kwanza. Nitriti ikiwa nyingi nayo huchanganya kipimo cha nitrati, kwa hiyo usihangaike na nitrati katikati ya safari.

Tangi limekomaa pale unapotia dozi nzima ya mililita 100 usiku, na usiku unaofuata amonia ni sifuri, nitriti ni sifuri, na nitrati imepanda. Rudia mara ya pili kesho yake kuthibitisha. Angalia tofauti na leo: sifuri mbili ni zilezile, kilichobadilika ni ile ya tatu.

Hapo badilisha maji mengi, robo tatu hivi, kuondoa nitrati na masalia ya mbolea, kwa maji yaliyolala na yenye joto lilelile. Samaki waingie ndani ya siku moja au mbili. Ukichelewa, endelea kutia dozi ndogo, la sivyo bakteria watapungua kwa njaa.

Samaki gani? Goldifishi wa bei nafuu ningewaacha. Wanachafua sana, wanakua wakubwa, na joto la Februari hapa si lao. Gapi, moli na plati wanaipenda Dar: maji ya joto, magumu kiasi, pH ya 7.5 hadi 8. Anza na gapi sita au wanane, madume watupu kama hutaki kugawa vifaranga mtaa mzima. Ofa ya wiki hii isikukimbize, gapi hawaadimiki madukani. Na kama moyo wako uko kwa samaki wa asili ya hapa kwetu, wale wa Ziwa Tanganyika wanaojificha kwenye makombe ya konokono wanatosha kwenye lita 120, lakini kwao kukomaa kwa tangi ni lazima mara mbili. Ziwa lile lina pH ya karibu 9, na pH ndiyo inayoamua ukali wa amonia. Kwenye nyuzi 28, maji ya pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia yake katika umbo lile la sumu kali. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 6. Kwenye pH 9 inafika asilimia 40. Kipimo kilekile cha 0.5 ambacho gapi anakivumilia kwenye maji ya pH 7 kinamuua samaki wa Kigoma.

Ukiwaleta, elea mfuko wao juu ya maji robo saa, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha wachote kwa wavu. Maji ya dukani yamwage kwenye maua. Siku hiyo usiwalishe. Wiki ya kwanza pima amonia na nitriti kila siku, na walishe mara moja kwa siku kiasi wanachomaliza kwa dakika moja. Sponji ikichafuka, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba. Ukiona nitriti imesoma 0.25 au zaidi, badilisha theluthi ya maji, ruka mlo wa siku hiyo, na upime tena kesho asubuhi.